Ufuta Ndani ya Gitaa la Bati

Nianze na aibu yenyewe, maana hata nikiificha mtaipata kwingine: yule mzee anayezunguka kwenye simu za watu, aliyelala chali uani Mandawa na kanzu yake nyeupe, kofia imemtoka, gitaa limemkalia kifuani na kuku amesimama juu ya gitaa anadonoa, ni mimi. Hadi leo nikipita sokoni Nachingwea hakosi mtu wa kuniuliza kama gitaa limeshavunwa. Huwa najibu, "Alhamdulillahi, limevunwa," nikaendelea na njia yangu, kwa kuwa jambo lenyewe nililitaka mwenyewe na sina wa kumnunia. Lakini aliyepiga ile picha alipiga kipande tu, na kipande hicho hakisemi nilifikaje pale chini wala nini kilifuata nilipoinuka, kwa hiyo vuteni mkeka niwaeleze yote, halafu mkitaka kucheka mcheke mkijua mnachocheka.

Mimi ni mwalimu wa chuo. Nafundisha watoto Kurani barazani kwangu Marambo, na wengine ninaowafundisha sasa niliwafundisha baba zao, Mungu amenipa umri. Najua mtashangaa mwalimu wa chuo ana nini na gitaa. Nilipokuwa kijana nilimwendea mwalimu wangu nikamuuliza jambo hilo hilo, naye akaniambia nisilipige karibu na msikiti, nisiimbe maneno ya kumfanya mama yangu ainamishe uso, na siku litakaponichelewesha sala nilivunje. Halijanichelewesha bado (siku hiyo ya Mandawa lilikaribia, nitafika huko).

Na gitaa lenyewe si la mbao kama mnayoyaona. Ni la bati tupu, zito, limekaa kama sanduku lililofungwa mkanda kiunoni. Mjomba wangu alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja enzi za mashamba ya karanga, na Mzungu huyo alipofungasha kurudi kwao alimwachia mjomba vitu asivyoweza kubeba, pasi ya mkaa, viti vya turubai na gitaa hili. Pande zote mbili za juu lina matundu marefu yaliyopinda, katikati lina kifuniko cha duara kilichotobolewa tobolewa, na chini ya kifuniko kuna sahani ya alumini, nyembamba kuliko mfuniko wa sufuria, na nyuzi zote uzito wake unaishia juu ya sahani hiyo. Ukigusa uzi, sahani ndiyo inayosema. Mjomba aliniambia magitaa ya namna hii yalitengenezwa hivyo zamani kabla spika hazijaenea, ili mpigaji mmoja asikike ukumbi mzima bila umeme, na kwetu ambako umeme umekuja juzi na hata sasa unakuja na kuondoka, mtaona lilikuwa limefika mahali pake.

Sauti yake sijui niwaelezeje. Ukigusa uzi mmoja inatoka kali, kama kijiko kilichogonga glasi, halafu inalainika, inakaa hewani, na ukiifuata juu ya uzi kwa shingo ya chupa iliyosuguliwa, unayoivaa kidoleni kama pete, inatetemeka kidogo, kisha inakwenda zake polepole kama mgeni anayeaga huku anageuka nyuma. Ndiyo maana halitaki kupigwa sana. Vijana wakilishika wanapiga nyuzi zote kwa pupa, linakuwa makelele ya mabati yanayoshushwa kwenye lori. Linataka uguse, unyamaze, usikilize limesema nini, ndipo uguse tena. Mwalimu wangu alinifundisha kwamba msomaji wa Kurani hujulikana mahali anaposimama kuvuta pumzi, na ingawa sifananishi kisomo na gitaa, Mungu anisamehe, subira niliyoipata mkekani ndiyo niliyokwenda nayo kwenye bati lile.

Sauti kama hiyo haihitaji wenzake wengi. Yangu ilikuwa na mwenzake mmoja tu, manyanga ya Bakari.

Bakari ni Myao wa Mandawa, mimi Mmwera wa Marambo, watani tangu kwa babu zetu, na tumekuwa marafiki tangu tukiwa hatuna hata ndevu. Manyanga yake alikuwa anatengeneza mwenyewe kwa vibuyu vidogo viwili. Wengine wanajaza kokoto au mahindi, yeye alijaza uwele, kwa hiyo hayakuwa na kishindo, yalikuwa yanasema shaa, shaa, kama mvua inayoanza kwenye majani makavu, na yalikuwa yanaingia mahali pale pale ninapoacha nafasi. Gitaa, manyanga, sauti mbili za wanaume, basi. Tulipiga harusini na kwenye magenge ya kupalilia, Mbwemkuru mpaka Marambo, na wimbo uliopendwa kuliko yote ulikuwa wetu wenyewe, wa mtu anayemwambia mkewe amngoje shambani amalize kupalilia, mstari umebaki mmoja, jua bado lipo. Hauna maneno zaidi ya hayo. Watu walikuwa wanaulilia, na sisi hatukujua kwa nini, labda ni zile nafasi.

Mwaka juzi Bakari akapata kiharusi. Mungu alimrudishia ulimi, akamrudishia mguu kiasi cha kutembea na fimbo, lakini mkono wa kulia haukurudi. Ule ule wa manyanga. Alimwambia mkewe, Bi Mwanahawa, ayatie manyanga motoni, na mkewe kwa kumtii akayatia, akaniambia baadaye kwamba uwele ulikuwa unapasuka jikoni kama bisi na yeye analia. Tangu hapo Bakari akawa mtu wa chumbani. Sala anasalia ndani, chakula anapelekewa, wageni anaongea nao kupitia mlangoni na mkono ameufunika kwa shuka hata wakati wa joto. Mimi mwenyewe nilikuwa nikienda nazungumza na mgongo wake.

Sasa ndipo ikaja harusi ya Rehema.

Rehema ni mjukuu wake, mtoto wa mwanawe aliyetangulia mbele ya haki. Baba akiwa hayupo, walii wa kumwozesha ni babu, na mnajua kwetu ndoa inavyofungwa, walii na bwana harusi wanakaa mkekani uso kwa uso, wanashikana mikono ya kulia mbele ya watu wote, ndipo maneno yanasemwa. Bakari akasema yeye hatoki. Akaagiza niwe wakala wake, nikae mimi mahali pake nitoe mkono wangu. Nilikuwa nimekubali, kwa sababu sheria inaruhusu na mgonjwa hasumbuliwi, mpaka Rehema aliponipigia simu mwenyewe.

"Shikamoo babu. Mimi sitaki wakala," akasema. "Babu yangu yupo hai, yupo hapo chumbani, mkeka uko uani. Nikiozeshwa na mtu mwingine nitakuwa nimekosa baba mara mbili."

Nikamwambia mjukuu wangu, huyo si wa kulazimishwa.

"Sijasema umlazimishe. Njoo na gitaa, umpigie dirishani ule wimbo wenu. Akisikia atatoka. Niahidi, babu."

Nikaahidi. Mzee mzima nikatoa ahadi kwa simu kabla sijakumbuka kwamba gitaa lenyewe wakati huo lilikuwa limejaa ufuta.

Msiniangalie hivyo. Mwaka ule panya walitushinda. Mbegu ya ufuta tuliyoiweka kwenye kibuyu walitoboa, tuliyohamishia kwenye ndoo ya plastiki walitoboa, na mtu akikosa mbegu yake anabaki kupita kwa majirani na bakuli. Nikakaa barazani nikawaza ni chombo gani cha nyumba hii panya hawezi kukitoboa, na jicho langu likaangukia ukutani, kwenye bati. Lilikuwa limening'inia tu tangu Bakari augue, nani angelipiga na kwa manyanga ya nani? Nikakunja gazeti kama mrija, nikamimina ufuta kwenye yale matundu marefu taratibu mpaka likanona, nikaziba kwa nta, nikalirudisha ukutani, nikajiona nina akili kuliko maofisa kilimo wote. Na kweli panya walishindwa. Tulikuwa tunawasikia wanakwaruza bati mpaka wanakata tamaa, mimi na mke wangu Bi Somoe tunacheka.

Kwa hiyo siku ya kuamkia harusi tukaanza kulitoa. Ukililaza hivi unatoka kidogo, ukiligeuza hivi unatoka kidogo, yaani ni kama kumkamua mbuzi asiyetaka. Ndoo ikajaa, nikasema umekwisha. Bi Somoe akalichukua, akalitikisa karibu na sikio lake.

"Baba Zuhura, na huu unaolia ni nini?"

"Hilo ni vumbi." (Vumbi. Mwalimu wa chuo.)

"Vumbi linalia? Fungua zile skrubu uchungulie."

Nikamweleza kwamba skrubu zile hazijafunguliwa tangu enzi za mjomba, na sahani ya ndani ikichanika hakuna duka Nachingwea wala Ruangwa lenye nyingine. Hilo lilikuwa kweli. Ambacho sikusema ni kwamba nilikuwa naona uvivu, na nilishaoga. Nikagusa uzi mmoja, likakoroma kidogo, nikasema ni nyuzi zimelala muda mrefu. Bi Somoe akaniangalia tu, kwa sababu amekaa na mimi miaka mingi, Mungu amlipe, anajua ni wakati gani akiniacha nitafundishwa na dunia.

Safari ilikuwa ya pikipiki, kisha gari, kisha pikipiki tena, gitaa nimelifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto, kichwa chini, na barabara ya kuingilia Mandawa kwa wanaoifahamu haihitaji maelezo. Kila shimo dereva alikuwa anasema, "Pole mzee," na mimi nasema, "Twende tu." Sikujua kwamba kila shimo lilikuwa linaupandisha ufuta, uliojificha pembeni na chini ya sahani, mpaka ukatapakaa kila mahali ndani ya lile bati, na mwingine ukakaa juu ya sahani yenyewe unasubiri.

Nilifika, nikasali adhuhuri msikitini pamoja na wenyeji, tukarudi uani. Watu wamejaa chini ya turubai, mkeka umetandikwa, bwana harusi amekaa na jasho lake, shehe amekaa, akina mama upande wao na sufuria zao. Nilimwomba shehe ruhusa (ni kijana, lakini elimu anayo, nami simpiti mtu mwenye elimu kwa sababu ya mvi), akasema sala tumeshasali, kama ni wimbo wenye maneno ya heshima na lengo ni kumtoa walii, yeye anasubiri. Mwenye spika akazima. Nikaenda kwanza mlangoni kwa Bakari.

Alikuwa amevaa kanzu. Hilo lilinipa moyo. Alikuwa amekaa kitandani, amegeukia ukuta, mkono chini ya shuka.

"Mmwera, umefika," akasema. "Kakae mkekani uniozeshee, upate pilau, urudi kwenu."

"Pilau la Wayao lina mchanga. Toka ukaozeshe mwenyewe."

Akasema pole pole, kwa ulimi ule uliokuwa bado mzito, "Issa. Mkono huu niutoe mbele za watu, kijana wa watu aushike kama mkia wa samaki aliyekufa?"

Nikatoka, nikakaa kwenye mkeka mdogo chini ya dirisha lake, nikavaa shingo ya chupa kidoleni, nikasema bismillahi. Uani pakatulia. Niliona Rehema amechungulia kwenye mlango wa jikoni na ushungi wake, ananitazama kama mtu anayetazama mvua iko upande gani. Nikagusa uzi wa kwanza.

Ndugu zangu, ile sauti ninayoipenda, ya kijiko na glasi, haikutoka. Ilitoka sauti ya mtu anayepepeta mchele kwenye ungo wa bati. Uzi unasema moja, ndani wanaitikia elfu. Nikasubiri kama nilivyozoea, uzi ukanyamaza, wao hawakunyamaza. Akina mama wakaanza kuangaliana. Nikafikiri, labda nikiliinamisha kidogo ule uchafu utalala upande mmoja, nikaliinamisha, na pale ndipo ufuta ulipoona mlango. Ukaanza kutoka kwenye tundu la chini, mwembamba, mzuri, kama uzi, unamiminika kwenye kanzu yangu, kutoka kwenye kanzu mpaka mkekani. Nikaendelea kupiga (kwa sababu mtu akiwa anaaibika huwa anadhani akiendelea hakuna atakayegundua), na kila nikipiga unatoka zaidi.

Kuku wa Bakari walikuwa nyuma ya nyumba. Walikuwa. Akaja mmoja, akageuza kichwa akaniangalia kwa jicho moja, akadonoa mkekani, akatoa ile sauti ya kuku aliyebahatika kuwaita wenzake. Nikamfukuza kwa kisigino bila kuacha kupiga. Wakaja wote. Wakaja na vifaranga. Jogoo akaingia chini ya turubai akapita mbele ya shehe bila salamu. Nilikuwa nimezungukwa, wananidonoa kanzu, wananidonoa vidole vya miguu, na upande wa akina mama mtu mmoja akashindwa kujizuia, akapiga kigelegele, wakamfuata wote, simu zikatoka. Nikasema ninyanyuke niondoke na heshima iliyobaki. Nikakanyaga ufuta. Mnajua ufuta mkavu kwenye mkeka ulivyo, ni kama kukanyaga sabuni, miguu ikaenda mbele na mimi nikabaki nyuma, nikaanguka chali, gitaa kifuani, mtikisiko ule ukafungua ufuta wote uliobaki ukanimwagikia shingoni, na kuku mmoja mweupe akaona asihangaike na umati wa chini, akapanda juu.

Hapo ndipo picha mliyoiona ilipopigwa.

Nikalala vile. Sikuinuka, si kwa sababu ya maumivu. Nilikuwa namfikiria Rehema. Nilimwahidi mtoto wa watu jambo moja, nikaigeuza siku yake kuwa kichekesho, na sasa hata kama babu yake alikuwa na nia ya kutoka, nani atatoka kwenye vicheko kama vile na mkono wa kuficha? Kuku anadonoa kwenye matundu ya kifuniko, tii, tii, na kila akidonoa nyuzi zinalia zenyewe na ufuta juu ya sahani unaitikia, shaa, shaa. Nikafumba macho nikasema Ewe Mola, umenionyesha, nimeona.

Kisha dirishani nikasikia sauti.

"Nani huyo mwenye manyanga?"

Watu wakaanza kunyamazishana.

"Nauliza. Issa, umemleta nani? Umemchukua nani apige mahali pangu?"

Nikajibu pale pale chini, sijaleta mtu, hakuna manyanga.

"Usinidanganye, Mmwera. Manyanga ya uwele nayajua. Na huyo uliyemleta anachelewa. Anachelewa, anaharibu wimbo."

Ikasikika fimbo sakafuni. Mlango ukafunguliwa, na Bakari akatoka, amekunja uso, wivu mtupu, anamtafuta huyo mtu. Alikuwa ametoka kwa haraka hata shuka limebaki ndani, na mkono wake umening'inia pembeni mbele ya Mandawa nzima, naye hana habari nao. Akatazama huku, akatazama kule. Hakuona mwenye manyanga. Akatazama chini akaniona mimi, nimejaa ufuta mpaka kwenye nyusi, na kuku wake mweupe ndiye mpigaji.

Nikaona mabega yake yanatikisika. Alicheka, ndugu zangu. Kicheko chenyewe kilikuwa kimepinda upande mmoja kwa sababu ya yale maradhi, lakini kilikuwa chake, kile kile cha kwenye magenge ya kupalilia, akacheka mpaka fimbo ikamtoka na ikabidi akae, na mahali alipokaa palikuwa pembeni yangu, mkekani, katikati ya kuku. Bi Mwanahawa alikuwa amesimama na mwiko mkononi, machozi yanamtoka, na hajui kama anacheka au vipi.

"Myao," nikamwambia, "nitolee kuku wako."

"Mwache amalize. Anajitahidi kuliko wewe."

Akaweka kiganja cha kushoto juu ya kifuniko, kuku akaruka. Akalitikisa gitaa mara moja, kidogo, akasikiliza. Akalitikisa tena. Shaa. Sura yake ikabadilika. Akaniambia, kwa sauti ambayo nadhani ni mimi tu niliyeisikia, "Piga."

Nikapiga nikiwa nimelala vile vile, kwa sababu niliogopa nikiinuka kitu kitavunjika. Nikagusa uzi mmoja, nikaacha nafasi. Akatikisa bati kwa mkono wa kushoto, ufuta uliobaki ndani ukaingia kwenye ile nafasi, mahali pake. Nikagusa tena. Mstari umebaki mmoja, jua bado lipo. Aliimba nusu yake na ulimi ukimkwaza, mimi nikaimba nusu yangu na ufuta ukiniingia mdomoni, na ule uani uliokuwa unacheka ukawa kimya, hata vifaranga nadhani walishiba. Sijawahi kulisikia gitaa lile likisema vizuri kama siku ile lilipokuwa chafu.

Wimbo ulipokwisha Rehema alikuwa amepiga magoti mbele yetu. Aliuchukua mkono wa kulia wa babu yake, ule ule, akaubusu kama tunavyobusu mikono ya wazee wetu, akauweka kwenye paja la Bakari kwa uangalifu, akarudi ndani kwa akina mama. Shehe akasogea akasema kushikana mikono ni ada nzuri, lakini ndoa inafungwa kwa maneno, na walii mwenye ulimi anatosha. Bakari akamjibu kwamba ulimi anao, na mkono pia anao, ila utashikwa na mwenye subira. Bwana harusi, Mungu ambariki kijana yule, akaupokea kwa mikono yake yote miwili, akaushika imara mpaka maneno yakaisha, na Bakari alipokwama kwenye jina la mjukuu wake hakuna aliyemkumbusha. Tulingoja. Alilitamka mwenyewe.

Baada ya pilau (lilikuwa halina mchanga, natoa ushahidi) tukakaa tena, tukapiga huu na ule, tukajisahau, na adhana ya alasiri ikatukuta gitaa mikononi. Nilishtuka kama mtoto wa chuo. Tukainuka, Bakari akasema naye anakwenda msikitini, tukaenda naye taratibu na fimbo yake, na kwenye safu nilipoinama kurukuu ufuta ukadondoka kutoka kwenye mkono wa kanzu, nilipokwenda sijida ukadondoka mwingine kutoka shingoni, na mtu wa pembeni yangu, najua kabisa, sala yake siku ile aliisali kwa shida. Mwenyezi Mungu ni mwenye kusamehe.

Nilirudi Marambo picha imeshanitangulia. Bi Somoe alinipokea mlangoni, akanipa maji, akanipa pole, hakusema, "Nilikwambia," jambo ambalo lilinichoma zaidi ya kama angelisema. Kesho yake barazani watoto wa chuo walikuwa wamenyamaza kwa adabu isiyo ya kawaida, nikajua wameona, nikawaruhusu wacheke kwanza ndipo tukafungua vitabu. Na nikaweka nadhiri mbele ya mke wangu: maadamu nipo hai, mbegu haitaingia tena kwenye gitaa, na nikiambiwa fungua skrubu nitafungua. Mbegu ya mwaka huu iko kwenye debe la bati lenye kufuli, na panya wanakwaruza vile vile.

Mwezi uliopita Bi Somoe akalishusha gitaa ukutani kulipangusa, akalitikisa sikioni kama siku ile. Bado linalia. Akaniletea bisibisi, akaniambia nitimize nadhiri, tufungue tutoe huo uliobaki, si vizuri mbegu ya watu kuozea ndani.

Nikalichukua, nikalirudisha kwenye msumari wake, kwa sababu Ijumaa nilikuwa nakwenda nalo Mandawa, kama ninavyokwenda sasa kila nikipata nafasi.

"Huo uache," nikamwambia. "Huo ni wa Bakari."